Nani Atamkosoa Mwalimu Mwinshehe?

Mtu akishastaafu ualimu huulizwa mambo mawili: alifika cheo gani, na alichopewa mwishoni kinamtosha nini. Yote mawili sitayaandika hapa. La kwanza halimfai mtu, na la pili linaniudhi. Nitaandika jambo ambalo walimu vijana waliniuliza mwezi uliopita walipokuja kunijulia hali. Walikuwa wametoka kwenye mafunzo ya hesabu na maarifa ya asili mjini Morogoro, nao wamenuna. Walisema wanasimamishwa mmoja mmoja kufundisha mbele ya wenzao, kisha wenzao wanawakosoa hadharani, wakubwa kwa wadogo. Wakataka kujua kama adha hiyo ilikuwapo enzi zetu au ni ya Waingereza. Nikawaambia ilikuwapo tangu wakati wa Mjerumani, na kwamba siku za mwanzo ilitushinda kabisa, kwa sababu ambayo Mjerumani hakuijua.

Nilianza kazi reli ikiwa imeshafika Morogoro na watu wa milimani bado wanashuka kulitazama gari moshi bila safari yoyote. Nilipewa kazi ya mwalimu msaidizi katika shule ya serikali ya Mkuyuni, kwenye njia ya Matombo. Mwalimu mkuu pale alikuwa Mwinshehe, kaka yake mama yangu. Msomaji asiye wa Uluguru inafaa aelewe hapa kwamba kwetu mjomba si ndugu wa kutembelewa sikukuu tu. Ukoo ni wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la nani apewe nini na nani aoe wapi. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na mabwana wawili katika kanzu moja.

Siku hiyo Mjomba alinipa darasa la wanaoanza na kopo la maharage, akaniambia, "Wafundishe kumi," akaenda zake. Nilidhani ni kazi ya kitoto. Watoto wakahesabu maharage kumi vizuri sana. Kisha nikayatawanya yale yale juu ya jamvi, nikauliza ni mangapi sasa, na karibu wote wakasema yameongezeka. Nikayakusanya tena, wakasema yamepungua. Nilishangaa mno. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali, nikitawanya na kukusanya, nikitaka kujua huyo mtoto anaona nini ambacho mimi sikioni. Nilipomweleza Mjomba, alisema, "Basi usiyatawanye." Mpaka leo nikiwa na maharage na mtoto mdogo karibu, humjaribu, na wajukuu zangu wamenichoka.

Mjomba alikuwa mwalimu wa kweli, wala jibu lile lisiwadanganye. Yeye ndiye aliyekwenda kukaa na wazee wa ukoo mpaka wakakubali shule ijengwe kwenye ardhi yao, wakati ambapo wengi waliamini watoto wanaandikwa ili wapelekwe kwenye mashamba ya mkonge. Alikata miti ya kuezekea kwa mkono wake. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtu aliyelala ng'ambo ya mto, na watoto walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kiboko. Ila alikuwa na tabia moja darasani. Akiuliza swali, analijibu mwenyewe kabla mtoto hajafumbua kinywa, kisha darasa zima linaitikia jibu lake. "Saba mara nane ni ngapi? Ni hamsini na sita. Ni ngapi?" Na watoto: "Hamsini na sita." Mgeni akipita nje angedhani pale pana wanachuoni.

Mwaka wangu wa pili, alikuja Morogoro mwalimu mpya wa Kijerumani kusimamia shule za wilaya. Jina lake lilitushinda kulitamka, na watoto wakampa la kwao, Bwana Kwanini, kwa kuwa hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote. Alikuwa mrefu, mwenye shingo iliyoungua na jua, na alikuja na sanduku ambalo mimi nililala nikiliota: mizani ndogo ya shaba, sumaku, kioo cha kukuzia vitu, kipimajoto, na dira iliyofungwa katika kitambaa. Mara ya kwanza aliponipa kile kioo nilikitumia kutazama mguu wa siafu, halafu nyuzi za kanzu yangu, halafu chumvi. Sikujua kuwa chumvi ina pembe nne. Nilitamani kumwambia mtu, na hapakuwa na wa kumwambia ambaye hakuwa pale pale akisubiri zamu yake.

Bwana huyu aliamua kwamba walimu wa wilaya waitwe mjini shule zinapofungwa, wafundishane hesabu na maarifa ya asili. Utaratibu wake ulikuwa huu. Mwalimu mmoja anasimama kufundisha, wengine wanakaa jamvini kama wanafunzi, na mwisho kila mmoja anaeleza kosa aliloliona ili mwenzake ajirekebishe. Hebu fikirini watu wazima wenye vilemba, wengine na wajukuu, wamekunja miguu jamvini wakinyoosha vidole kuomba ruhusa ya kusema sita. Hilo tulilimudu, maana lilichekesha. Lililotushinda ni la mwisho.

Bwana Kwanini aliuliza, "Somo lilikuwaje?" Mwalimu wa kwanza akasema, "Zuri, Bwana." Wa pili, "Zuri sana." Wa tatu akaongeza kwamba yeye binafsi amefaidika. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mzee mmoja alifundisha robo na nusu kwa muhogo, akaukata vipande vitano na kuviita robo vyote, nasi tukasema ni zuri. Bwana alishika kichwa. Alidhani hatukuona. Tulikuwa tumeona sana, lakini ni nani wa kumwambia mzee mbele za watu kwamba amekosea? Tulimwamkia shikamoo asubuhi, kisha adhuhuri tumvue nguo? Kila tulivyozidi kumheshimu ndivyo muhogo ulivyozidi kuwa na robo tano.

Ndipo ikaja habari mbaya. Mkaguzi angetoka Dar es Salaam mvua za vuli zikianza, apitie shule za milimani, na shule ambazo wanafunzi wake huitikia tu bila kuelewa angezifunga au kumtoa mwalimu. Bwana Kwanini hakuficha kwamba Mkuyuni ilikuwa mojawapo ya zilizosemwa. Mjomba aliisikia habari hiyo amesimama, akasema, "Inshallah," akakaa. Jioni ile hakula. Alikuwa ameiomba ardhi ile kwa wazee kwa jina lake, na aliniambia kwamba shule ikifungwa hatakuwa na uso wa kupita njia ya kijiji. Mimi nilijua vizuri mkaguzi angeona nini akiingia darasani kwake. Kila mwalimu pale alijua. Na hakuna aliyekuwa na kinywa cha kumwambia, mimi kuliko wote.

Zamu yake ya kufundisha iliangukia somo la kivuli, wakati wa baridi, ile miezi ambayo ukungu hauondoki juu ya milima mpaka jua lipande. Kitabu chetu kilikuwa kimetungwa Ulaya na kutiwa Kiswahili, na kilisema kwamba saa sita mchana kivuli cha kitu huelekea kaskazini. Mjomba akatutoa nje, akasimika kijiti mchangani, akauliza kwa sauti yake yote: "Kivuli cha saa sita mchana huelekea wapi? Kaskazini. Wapi?" Nasi jamvi zima tukaitikia kaskazini.

Kivuli kilikuwa kimelala pale mbele yetu, kimeelekea kusini. Kila mtu alikiona. Upande wa kaskazini ndiko kibla kwetu, hakuna Mwislamu wa Morogoro awezaye kuukosea, na kivuli kilikuwa kimeelekea huko nyuma ya mwenye kuswali. Tena Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa mtazama kijiti wa msikiti wa Mkuyuni. Kila siku alikitazama kivuli kikifupika mpaka kianze kurefuka tena, ndipo akampa ishara mwadhini wa adhuhuri. Hakukuwa na mtu katika tarafa ile aliyekijua kivuli kuliko yeye. Lakini kile kilikuwa kivuli cha msikitini, na hiki kilikuwa cha kitabuni, na haikumpitikia kwamba ni kimoja.

"Somo lilikuwaje?" akauliza Bwana Kwanini, sauti imeshachoka.

"Zuri, Bwana," tukaanza.

Miongoni mwetu alikuwapo Mwalimu Maganga, Mnyamwezi aliyekuja pwani na wapagazi tangu ujana wake, akasoma, akaangukia shule ya Kingolwira. Mtu mfupi, mwenye meno ya mbele yaliyopishana, hana haraka. Alinyoosha mkono. "Bwana, mimi naweza kusema," akasema. "Huyu mzee ni mtani wangu."

Bwana hakujua mtani ni nini, na hatukuwa na wakati wa kumweleza. Ninyi mnajua. Mnyamwezi na Mluguru walitaniana njia nzima ya misafara, wanazikana, wanatukanana, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Maganga akamgeukia Mjomba.

"Mtani, nilidhani ninyi Waluguru hamjui mambo kwa kuwa mnashuka mlimani siku chumvi ikiisha tu. Kumbe hata jua la kwenu hamlijui. Msikitini kijiti unakitazama, shuleni hukitazami. Kivuli kimekipa kibla mgongo, wewe unatuitikisha kaskazini. Halafu swali unaliuliza na kulijibu mwenyewe. Sasa sisi umetuitia nini? Ungebaki kwenu Mkuyuni ukajiuliza na kujijibu, ungeokoa miguu."

Nilitazama chini. Nilidhani Mjomba atachukua fimbo yake aondoke, na shule ndiyo imekwisha. Badala yake nikasikia kicheko. Alicheka mpaka akaishika kofia isianguke. "Na wewe Mnyamwezi umelijuaje jua," akamjibu, "wewe uliyepita nchi hii yote umeinamia mzigo?" Jamvi zima likapasuka, hata wazee waliokuwa wamevimba mashavu kwa kujizuia. Kisha Mjomba akachuchumaa mbele ya kijiti. Alikaa hapo muda mrefu, uso wake umebadilika, akikitazama kivuli kana kwamba ni mtu wa nyumbani aliyemkuta ugenini.

Bwana Kwanini naye alichuchumaa, kitabu mkononi, amewiva uso. Alisema alipofika nchini, mwanzo wa mwaka, alikitazama kivuli kwa macho yake na kilielekea kaskazini, sawa na kwao.

"Wakati huo huelekea kaskazini, Bwana," akasema Mjomba. "Tunakijua."

"Kwa nini basi unafundisha kwamba ni siku zote?"

"Kitabu ndivyo kilivyosema."

"Na kwa nini msikitini hukusema hivyo?"

Mjomba akafikiri. "Msikitini hatukisemi, Bwana. Tunakitazama."

Wakabaki wamechuchumaa wote wawili, mmoja kila upande wa kijiti. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyopenda kazi hii kwa moyo wote, kwa kuwa nilitambua kwamba hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na jibu kamili, na kwamba lingepatikana tukilitafuta. Mmoja alijua cha kwao, mwingine cha kwake, na kijiti kilikuwa katikati.

Jioni tulimweleza Bwana Kwanini mtani ni nini, na kuanzia siku ile alibadili utaratibu. Kila mwalimu akifundisha, mtani wake ndiye anayesimama kumkosoa kwanza. Wanyamwezi na Waluguru walikuwa tayari. Waluguru kwa Waluguru tulitafuta koo zinazotaniana. Mzee wa muhogo alipatiwa mtu wa ukoo wa watani zake, naye alimwambia kwamba kama robo ni tano basi siku ya kugawa nyama yeye atakuja wa kwanza. Mzee alicheka, na kesho yake akaukata muhogo vipande vinne. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kutoka mbali asiye na mtani yeyote wilayani, akabaki anasifiwa tu. Tulimhurumia, na mwishowe tukamwazima Maganga. Mkicheka mbinu hii, chekeni, lakini nimehudhuria mafunzo mengi tangu hapo, na sijaona mahali pengine ambapo walimu waliambizana ukweli wakaondoka wakiwa marafiki.

Tuliporudi Mkuyuni, Mjomba alisimika kijiti mbele ya shule, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini watoto waliweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Kazi ya kutazama ilikuwa rahisi kwake. Iliyokuwa ngumu ni ya kunyamaza. Akiuliza swali, jibu lilikuwa likimjia mdomoni lenyewe kama chafya. Akabuni dawa: alikuwa na karafuu mfukoni, na kila akiuliza anatia moja kinywani, haongei mpaka ukali wake uishe. Mwanzoni watoto walidhani anaumwa jino. Walikaa kimya wakimsubiri awajibie, naye anasubiri, na mimi mlangoni jasho linanitoka. Siku nyingi karafuu iliisha na hakuna aliyesema kitu. Nilianza kuogopa kwamba tumeharibu hata kile kidogo kilichokuwapo, maana zamani walau waliitikia.

Kokoto nazo zikawa zinasogea. Kivuli kilifupika wiki hadi wiki, kikasogelea mguu wa kijiti, na watoto wakaanza kubishana kitaingia ndani au kitakwenda wapi. Mmoja alidai kitakwisha kabisa na jua litashuka. Mwingine alitaka kujua kama kwa Wajerumani kijiti kinafanya hivyo hivyo. Mjomba aliniuliza swali hilo la pili tulipokuwa peke yetu, nami sikujua. Tulilichukua mpaka Morogoro, na Bwana Kwanini akasema kwao kivuli hakivuki upande wa pili wa kijiti kamwe. Mjomba alirudi njia nzima akilitafuna jambo hilo. Alisikitika kidogo, nadhani, kwa ajili ya watu wa huko.

Mkaguzi alikuja mawingu ya vuli yakiwa yameanza kujikusanya juu ya milima. Alikuja na wapagazi, askari, na Bwana Kwanini nyuma yake. Kivuli wakati huo kilikuwa kimeshavuka, kidogo tu, kikawa kinaelekea kaskazini. Maana yake, siku hiyo kitabu kilikuwa sahihi. Mjomba angetaka, angewakaririsha watoto kaskazini mapema, mmoja wao ajibu peke yake akiulizwa, mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mambo yakaisha. Asubuhi nilitamani sana afanye hivyo.

Mkaguzi alisikiliza hesabu. Kisha akafungua kitabu kile kile na kumwamuru Mjomba aulize kuhusu kivuli.

"Kivuli cha saa sita mchana huelekea wapi?" akauliza Mjomba. Akatia karafuu mdomoni.

Darasa likanyamaza. Nilisikia askari nje akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mkaguzi alimtazama Mjomba, akawatazama watoto, akafunga kitabu.

"Mwalimu, wanafunzi wako hawajui."

"Bado wanafikiri, Bwana," akasema Mjomba.

Mkaguzi akageuka kuondoka. Hapo mwanafunzi wa benchi la nyuma akasimama. Hakuwa hodari, kwa kweli alikuwa mzito wa hesabu. Alimtazama mkaguzi, si Mjomba, akauliza kwa adabu:

"Siku gani, Bwana?"

Mkaguzi alidhani yeye mwenyewe hakuelewa Kiswahili cha mtoto. Akamwambia arudie. Mtoto akarudia, kisha, kwa kuwa mkaguzi bado amekunja uso, akasema kwamba Ijumaa za wakati wa baridi kilielekea kusini, sasa kinaelekea kaskazini, na kama Bwana ana nafasi kokoto ziko nje. Mikono ikaanza kunyooka darasa zima, kila mmoja ana la kuongeza. Walitoka naye. Alikaa kwenye jua na zile kokoto, akiuliza na kuulizwa, mpaka matone ya kwanza ya mvua yalipomfukuza. Alisema maneno kwa Kijerumani, na Bwana Kwanini akaja kumpa Mjomba mkono. Shule inabaki, akasema, na mwalimu wake anabaki.

Niliona machozi ya Mjomba, naye hakuyaficha. Tuliwasindikiza wageni mpaka mtoni, kisha tukarudi wawili kwa ile njia nyembamba ya mlimani, udongo unanuka mvua. Mimi nilikuwa na furaha ya kuimba. Yeye alitembea mbele ameinamia njia. Tulipofika penye mteremko akasimama, akanigeukia.

"Maganga aliniona siku chache tu," akasema, "na akaniambia. Wewe unakaa na mimi kila siku. Umeona nini?"

Nilisema shule yake ni nzuri. Akasema hakuuliza hilo. Nikasema yeye ni mjomba wangu, siwezi. Nikangoja ajijibu mwenyewe, kama alivyokuwa siku zote akiniokoa, aseme basi twende. Hakusema. Alisimama pale mvua inamwagikia kofia, ananitazama, na nikaelewa kwamba hatutaondoka.

"Mjomba," nikasema, "ukiandika ubaoni unaukinga kwa mgongo. Wa kushoto hawaoni kitu."

Maji yalipita katikati ya miguu yetu yakishuka njia.

"Endelea," akasema.